Je, Maji Yakimwagika Hayazoleki?

Katika methali ambazo mtoto wa shule huzikariri kabla hajaijua maana yake, ni chache zinazotajwa mara nyingi kama ile isemayo kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hutumika kumwonya mwenye hasira, kumtuliza aliyepotelewa na kufunga mjadala uliokwisha kuharibika. Mimi sina ugomvi na wahenga. Waliyasema hayo baada ya kuutazama mchanga ukiyanywa maji, na mchanga haurudishi ulichokinywa. Lakini nimefundisha kemia katika mji wa Morogoro kwa miaka mingi, na mara nyingi nimejiuliza kama methali hiyo haikugeuzwa kuwa kisingizio. Yapo maji yasiyozoleka kwa sababu yamekwisha kuingia ardhini. Na yapo yasiyozoleka kwa sababu tu hakuna aliyetega chombo.

Swali ninalotaka kulieleza hapa ni la kiwandani, ingawa nitajaribu kuonyesha kwamba ni swali la utamaduni vilevile. Kila kiwanda kina malighafi yake. Kiwanda cha ngozi hutumia ngozi, cha nguo hutumia pamba, cha sukari hutumia miwa. Pamoja na malighafi hizo viko viungo vya kemikali vinavyotiwa ili kuzigeuza: chokaa, chumvi, asidi, magadi, wanga, rangi, na chumvi za madini mbalimbali. Wafanyakazi wetu huviita vyote kwa jina moja, dawa. Je, dawa hiyo ikishafanya kazi yake, yaweza kupatikana tena na kutumika mara ya pili? Au ikishatiwa ndiyo imekwenda?

Jina hilo la dawa halikuja ovyo. Dawa kwa watu wetu ni kitu chenye kipimo; ikizidi hudhuru, ikipungua haifai. Tena dawa haitupwi hovyo. Mganga wa miti shamba huichemsha mizizi mara ya kwanza, akaihifadhi, kisha akaichemsha mara ya pili na ya tatu mpaka aridhike kwamba haina kitu tena. Fikira ya kwamba kitu kilichotumika mara moja bado kina nguvu ndani yake si fikira ya kigeni. Tuliirithi. Linalobaki ni kuona kama tuliingia nayo kiwandani, au tuliiacha langoni.

Mji wa Morogoro ni mahali pazuri pa kulitafakari jambo hili, kwa kuwa mji huu umekaa miguuni pa maji. Nyuma yake imesimama milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Milima hiyo huyakamata mawingu yatokayo Bahari ya Hindi na kuyageuza kuwa vijito. Mto Morogoro hushuka humo, ukapita katikati ya mji, ukaungana na Ngerengere. Ngerengere nao huenda kuingia katika mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha wakazi wengi wa Dar es Salaam. Kwa hiyo anachokimwaga mtu wa Morogoro leo kina safari ndefu mbele yake, na mwisho wa safari hiyo kuna ndoo ya mtu mwingine.

Katika miaka ya 1970 na 1980 mji huu ulichaguliwa kuwa mmoja wa miji ya viwanda vya taifa. Vilijengwa viwanda vya ngozi, viatu, turubai na nguo. Nia ilikuwa njema, na kila mwananchi aliielewa: nchi yenye ng'ombe wengi isiuze ngozi mbichi na kununua viatu. Yaliyofuata yanajulikana. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni vilivifanya viwanda vingi nchini viendeshwe kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hakikuwahi kuukaribia uwezo kiliokusudiwa kuwa nao, na mwishowe kilifungwa. Vingine viliuzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Wanafunzi wa leo huzijua habari hizo kwa kuzisoma. Hata hivyo ndani ya habari hizo mna sura moja isiyosimuliwa sana, nayo ni ya ile dawa.

Ili sura hiyo ieleweke sina budi kueleza ngozi hutengenezwaje. Ngozi mbichi ikiachwa huoza; ikikaushwa huwa ngumu kama ubao. Ngozi ya ngoma ni ya aina hiyo ya pili: imekwanguliwa na kuwambwa tu, ndiyo maana mpigaji huiota motoni kabla ya kuipiga. Ngozi ya kiatu yataka kazi zaidi. Kwanza hulowekwa ili chumvi na uchafu vitoke. Kisha hutiwa katika chokaa pamoja na salfidi ya sodiamu, nywele zikanyonyoka. Halafu huondolewa chokaa, ikatiwa asidi na chumvi, na baada ya hapo huja kiungo kinachoifanya isioze tena. Wazee wa nchi nyingi walitumia magome ya miti kwa kazi hiyo, na hata sasa magome ya miwati ya Njombe hutoa tanini ya namna hiyo. Lakini magome hufanya kazi polepole. Ngozi nzito ziliweza kukaa mashimoni kwa miezi. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa Marekani alipata hataza ya kutumia chumvi za madini ya kromi, na mwaka 1893 Martin Dennis akairahisisha njia hiyo. Kazi ya miezi ikawa kazi ya siku moja. Tangu hapo sehemu kubwa ya ngozi duniani hutengenezwa kwa kromi, na ngozi ikitoka katika pipa huwa na rangi ya buluu iliyoiva.

Sasa lipo jambo ambalo kila mwanafunzi wa kemia alijue. Ngozi haiinywi kromi yote inayotiwa. Katika njia ya kawaida huchukua kiasi cha theluthi mbili, wakati mwingine zaidi kidogo. Iliyobaki hukaa katika maji. Tufanye hesabu. Kiwanda kikitia kilo 8 za chumvi ya kromi kwa kila kilo 100 za ngozi, tani moja ya ngozi itahitaji kilo 80. Theluthi moja ikibaki majini, kilo 26 na ushei zitatoka kwa mfereji. Chumvi hiyo iliagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni, zile zile ambazo mameneja wa zama hizo walizipigia foleni Benki Kuu. Kwa maneno mengine, kiwanda kilichofuata kanuni hiyo bila kuyakusanya maji yake kilikuwa kikiomba dawa mlangoni na kuimwaga uani, siku hiyo hiyo.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu katika safari ya masomo kwenye kiwanda kimoja cha ngozi nje ya mkoa wetu, ambacho jina lake sina haja ya kulitaja. Msimamizi aliyetupokea alikuwa mtu mpole na mjuzi wa kazi yake. Alitueleza kila hatua, akatuonyesha mapipa makubwa ya mbao yanayozunguka kama mawe ya kusagia, na akafungua bomba ili tuone maji ya kromi yakitoka. Yalikuwa ya kijani kilichoelekea buluu, mazuri kwa macho. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa Mgeta, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, dawa hii ikitoka hapa inakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Inakwenda mtoni."

"Na mtoni inakwenda kwa nani?"

Msimamizi alicheka kidogo, akasema mto ni mkubwa. Kijana hakucheka. Alisema kwa adabu kwamba kwao mlimani maji hupita katika mifereji kutoka bustani hadi bustani, na mwenye bustani ya juu haruhusiwi kufulia mferejini, kwa kuwa mwenye bustani ya chini naye ni mtu. Msimamizi alinyamaza, kisha akanigeukia. "Ndugu Mwalimu," akasema, "huyu mtoto ameuliza swali ambalo na mimi nimeliuliza kwa wakubwa wangu. Waliniambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki."

Hapo ndipo nilipoona kwamba methali yaweza kufanya kazi ya ukuta. Tuliporudi shuleni niliamua kwamba darasa litoe jibu lenyewe. Katika maabara yetu mlikuwa na kiasi kidogo cha chumvi ya kromi. Tulivaa glavu, tukaiyeyusha katika maji, tukapata rangi ile ile tuliyoiona kiwandani. Kisha tukatia maji ya magadi, tone kwa tone. Maji yakachafuka, na yakaanza kushuka chini mavumba ya kijani kilichofifia, mfano wa tope la bwawani. Tulipoyaacha yatulie, juu yalibaki maji yasiyo na rangi na chini ikakaa kromi. Tukayamimina maji ya juu taratibu, tukatia asidi ya salfuriki kidogo katika lile tope. Tope likayeyuka na rangi ikarudi. Kijana wa Mgeta aliitazama ile bilauri kwa muda mrefu, kisha akaandika daftarini mwake maneno mawili tu: "Yamezoleka, Mwalimu."

Tulichokifanya katika bilauri ndicho kinachofanywa viwandani penye nia. Maji ya kromi hukusanywa peke yake katika tangi, huchujwa ili nyuzi na mafuta yaondoke, kisha hutiwa oksidi ya magnesiamu ambayo huifanya kromi ishuke na kujikusanya vizuri. Tope hilo huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, likawa tena chumvi ya kutengenezea ngozi. Kwa kuwa huwa bado na mabaki ya mafuta na nyama, huchanganywa na chumvi mpya kabla ya kurudishwa kazini. Katika mji wa Santa Croce sull'Arno, huko Italia, wenye viwanda vya ngozi waliungana wakajenga mtambo mmoja wa kazi hiyo. Magari ya matangi huyachukua maji ya kromi kutoka viwandani, na chumvi iliyopatikana hurudi kwa wenyewe. Huo ni ujamaa wa aina yake, hata kama hawauiti hivyo.

Lakini mwalimu hana haki ya kufundisha nusu ya ukweli. Si kila dawa hurudi. Nikitazama viwanda vya aina ile iliyojengwa mkoani kwetu, naona kwamba viungo vya kemikali vinaweza kupangwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la viungo vinavyobaki majini vikiwa bado ni vile vile. Kromi isiyonyweka ni ya fungu hili. Maji ya chokaa ya kunyonyolea nywele ni ya fungu hili pia, kwani yakichujwa na kuongezewa nguvu yaweza kutumika tena. Katika kiwanda cha nguo, soda kali inayotumika kuupa uzi wa pamba nguvu na mng'ao yaweza kukusanywa, maji yake yakapunguzwa kwa mvuke, ikarudi kazini. Vitu hivi havikuisha. Vimechanganyika tu na maji.

Fungu la pili ni la viungo vilivyooana na bidhaa au kubadilika kabisa. Kromi iliyokwisha kuingia katika nyuzi za ngozi ndiyo iliyoifanya ngozi kuwa ngozi. Kuitoa ni kazi ngumu isiyo na faida. Wanga unaopakwa juu ya uzi ili usikatike katika mtambo wa kufumia huvunjwa na vimeng'enya wakati wa kuuosha, nao haurudi kuwa wanga ule. Mpishi anaijua habari hiyo: chumvi iliyokwisha kukolea katika mchuzi haitolewi kwa kijiko. Hapa wahenga wanasimama imara, na dawa pekee ni kutia kwa kipimo.

Fungu la tatu ni la viungo visivyorudi kiwandani ila vinaweza kurudi mahali pengine. Katika viwanda vya sukari, navyo viko mkoani Morogoro, huko Kilombero na Mtibwa, maji ya miwa hutiwa chokaa ili uchafu utengane nayo. Chokaa hiyo hutoka pamoja na tope la kuchujia. Tope hilo likipelekwa shambani huwa mbolea, na makapi ya miwa huchomwa kuchemsha maji ya mtambo. Chokaa haikurudi katika sukari, lakini imerudi katika muwa.

Mwenye kuyajua mafungu hayo matatu hadanganyiki na pande mbili za wapotoshaji: yule asemaye kwamba kila kitu kinaweza kutumika tena, na yule asemaye kwamba hakuna kinachoweza.

Yapo mabishano ninayoyasikia, na yanastahili kujibiwa kwa heshima. La kwanza ni la gharama. Husemwa kwamba tangi, asidi, oksidi ya magnesiamu na mkemia wa kupima vyote vyataka fedha, na vingine huagizwa vilevile. Ni kweli. Kiwanda kidogo chenye mapipa mawili huenda kisiweze peke yake. Lakini mfano wa Italia unaonyesha kwamba kisichowezekana kwa mmoja chaweza kuwezekana kwa wengi. Tena gharama kubwa kuliko zote hailipwi kiwandani. Hulipwa na anayeyatumia maji ya mto huko chini.

La pili ni lile la msimamizi wetu, kwamba mto ni mkubwa. Ukubwa wa mto hauiondoi kromi. Huitawanya, kisha ikazama na kukaa katika matope. Salfidi itokayo katika maji ya chokaa hunyang'anya maji hewa yake, samaki wakafa. Na yako mabaki ambayo hata mtoni hayafiki: vipande vya ngozi ya buluu vinavyochukuliwa na watu kuwashia moto. Hapa nawasihi walimu wawaonye wanafunzi wao. Kromi iliyomo katika ngozi ikichomwa huweza kugeuka kuwa kromi ya namna nyingine, iliyo sumu kali na inayosababisha saratani. Vipande hivyo visiingie kamwe jikoni.

La tatu ni gumu zaidi, kwa sababu halisemwi kwa sauti. Ni fikira kwamba kukusanya mabaki ni kazi ya kimaskini, na kwamba kiwanda cha kisasa hutambulikana kwa kutumia kipya. Fikira hiyo ndiyo inayonifanya nilitaje jambo hili katika kitabu cha utamaduni. Mwaka 1962 taifa letu changa liliunda wizara ya utamaduni wa taifa kwa kutambua kwamba nchi isiyojithamini ni nchi isiyo na roho. Baadhi yetu tukadhani kwamba utamaduni ni ngoma na vinyago tu. Ngoma na vinyago ni sehemu yake. Lakini namna mtu anavyokitendea kile kinachobaki mkononi mwake baada ya kazi ni utamaduni pia. Wako wafinyanzi wanaoponda vigae vya chungu kilichovunjika na kuvitia katika udongo mpya. Mama hayamwagi maji aliyooshea mchele. Humpa mbuzi au huyatia bustanini. Hakuna aliyewaita watu hao maskini wa fikira. Walipokea uhodari huo kwa wazazi wao, nasi tuliwapeleka watoto wao kiwandani pasipo kuwaambia kwamba uhodari huo unahitajika na huko.

Kinachotakiwa kwanza si mtambo wa fedha nyingi. Kinachotakiwa kwanza ni kutenganisha mifereji. Maji ya kromi yakichanganyika na ya chokaa, ya damu na ya sabuni, hakuna mkemia atakayeyatengua kwa bei rahisi. Yakitengwa tangu pipani, nusu ya kazi imekwisha. Huko ndiko kutega chombo nilikokutaja mwanzoni, na hufanyika siku kiwanda kinapochorwa katika karatasi, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaidai nchi yetu itathmini athari za miradi ya namna hiyo kabla ya kujengwa. Sheria ni njema; lakini sheria husomwa na wachache, na kiwanda huchorwa na mtu aliyewahi kukaa katika dawati la shule fulani.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa sayansi na wa Kiswahili tushirikiane katika jambo hili dogo. Wa sayansi aionyeshe bilauri ile. Magadi ni ya bei nafuu, na chumvi kidogo ya kromi inatosha darasa zima. Wa Kiswahili aifundishe methali pamoja na mipaka yake, ili mwanafunzi ajue kwamba wahenga walituachia onyo na hawakutuachia udhuru. Nanyi wanafunzi, siku mtakapokabidhiwa kiwanda, ofisi au hata jiko, ulizeni swali lile la kijana wa Mgeta: hiki kikitoka hapa, kinakwenda kwa nani? Mkilijibu hilo kwa ukweli, mtajua wenyewe ni wapi chombo kinapaswa kutegwa.